Aliyekuwa na Ufunguo Wetu: Hotuba kwa Wapangaji na Wenye Nyumba

Haya ndiyo maneno niliyoyasema Jumamosi katika mkutano wa wapangaji na wenye nyumba wa mtaa wetu hapa Mbagala, Dar es Salaam. Wengi walikuwa kazini wakaomba nakala, nami nimeyaandika karibu kama yalivyonitoka.

Mheshimiwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ndugu mtendaji, wajumbe, afande wetu wa polisi kata, wazee, wenye nyumba, na ninyi wapangaji mlioacha shughuli zenu mkaja kuketi hapa: asalaam aleikum, na tumsifu Yesu Kristo.

Najua kilichowaleta. Kila mmoja hapa anaijua nyumba ambayo polisi waliiingia alfajiri, na anajua ni vitu vya nani vilivyotolewa chumbani kwa mtu aliyekuwa akikinga maji nasi kwenye bomba moja. Naomba mniwie radhi, kwa sababu shauri hilo liko mahakamani na sitalitaja tena mpaka nitakapoketi. Katiba yetu, katika ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia yake haijathibitika, na haitanipendeza mimi, niliyefanya kazi ya ustawi wa jamii mpaka nikastaafu, niwe wa kwanza kuivunja mbele ya mwenyekiti. Nitasimulia habari za nyumba nyingine, ambazo mashauri yake yalikwisha kuamuliwa, na majina ya watu wa hapa kwetu nimeyaacha kwa makusudi.

Ndugu zangu, mwizi wa nje huchukua mali akaenda zake. Mtu mnayelala naye chini ya paa moja huchukua mali na huondoka pia na maarifa ya nyumba. Anajua unatoka saa ngapi na unarudi saa ngapi. Anajua bahasha ya kodi hukaa chini ya godoro upande gani. Anajua ni mlango upi ukisukumwa kwa bega hufunguka, na anajua namba ya siri ya simu yako kwa sababu alikuwa ameketi kando yako ulipokuwa ukiiandika. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi huirudia methali hiyo kila tunapomfariji aliyeumizwa, lakini inaeleza tu mtu aliumizwaje. Haisemi afanye nini usiku unaofuata, anapotakiwa kuzima taa na kulala mahali palepale.

Ninachokuja kuwaambia ni kwamba usalama wa nyumba ya namna hiyo haurudi kwa kuongeza nondo madirishani. Hurudi pale waliobaki wanapoyashika tena mamlaka juu ya nyumba yao: juu ya funguo zake, juu ya habari zake, na juu ya maneno yanayosemwa ndani yake.

Nianze na funguo, na hapo nitakaa sana.

Alikuwapo muuguzi mmoja, binti wa watu, aliyepanga chumba na sebule pamoja na mwenzake huko Temeke. Walipika chungu kimoja. Muuguzi alipokuwa zamu ya usiku, mwenzake alikuwa akichukua mikopo ya simu kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la muuguzi, na siku moja akawafungulia mlango vijana wawili wakazoa kila kilichobebeka. Alikamatwa, akashtakiwa, akafungwa. Mwenye nyumba, ambaye alikuwa mtu mwema kweli, aliona huruma akaweka grili ya chuma mlango wa mbele kwa fedha zake mwenyewe, na mtaa mzima ukamsifu. Nilipokwenda kumtembelea yule binti baada ya wiki kadhaa, nilimkuta analala kitini, mgongo ukutani, na taa inawaka.

Kwa nini? Grili si ilikuwapo? Ilikuwapo, na ilikuwa imara. Lakini grili ilikuwa ikitazama barabarani, na hofu yake ilikuwa ikitazama kitanda cha pili. Ufunguo mmoja wa grili alikuwa nao mwenye nyumba, mwingine alikuwa nao mwanawe, wa tatu ulikuwa umetundikwa kwenye msumari wa korido. Kitasa cha chumba chake kilikuwa kilekile cha zamani. Mwenzake alipokamatwa, ufunguo wake wa chumba haukuwa mfukoni mwake, na hakuna aliyewahi kuuliza uko wapi.

Nawauliza ninyi mlioketi hapa: ni funguo ngapi za chumba chako zilizopo duniani? Nani anazo? Mpangaji aliyekutangulia alirudisha zote? Dalali aliyekuonyesha chumba alibaki na mmoja? Na lile kufuli ulilonunua kwa bei nafuu dukani, umewahi kujaribu kama ufunguo wa jirani hauwezi kulifungua? Naona watu wanatazamana. Jaribuni leo jioni.

Kilichomsaidia muuguzi kilikuwa kidogo kuliko grili. Fundi aliitwa siku ambayo yeye mwenyewe yuko nyumbani, na kitasa akakichagua yeye. Alipokea funguo mkononi mwa fundi, akazihesabu, akampa mwenye nyumba mmoja ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa na wote wawili, ili bahasha ikifunguliwa ijulikane. Kisha akajaribu funguo zote za zamani mmoja mmoja kwenye kitasa kipya, akaona kwa macho yake kwamba hakuna unaozunguka. Kitanda cha pili kikatolewa. Kitanda chake akakihamishia upande wa pili wa chumba, jambo ambalo mwenye nyumba aliliona la kitoto, nami nililiona la busara, kwa maana mtu aliyekariri chumba chako akiwa gizani hakijui tena.

Mnaona tofauti? Katika grili aliamuliwa. Katika kitasa aliamua. Wenye nyumba, nawashukuru kwa moyo wenu wa kusaidia, lakini mkiweka ulinzi pasipo kumshirikisha aliyeumizwa mnampa chuma tu, na usingizi unabaki kwenu.

Upande wa simu ni hivyohivyo. Laini zetu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, yaani cha NIDA, na mtu anayelala karibu nawe anaweza kuwa amekuomba kidole kwa kisingizio chochote. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na ukiona usiyoitambua nenda kwenye duka la kampuni husika iondolewe. Badilisha namba ya siri ya pesa za simu. Fungua WhatsApp, tazama vifaa vilivyounganishwa, uondoe usivyovijua, kwa sababu wako watu ambao mhalifu aliyehama aliendelea kusoma ujumbe wao akiwa mbali. Meseji za utapeli zitumwe namba 15040. Vyeti na kitambulisho vikiwa vimepotea, chukua taarifa ya upotevu polisi mapema, ili siku vikitumika vibaya uwe na karatasi ya kuonyesha ulivipoteza lini.

Na kabla sijaliacha hili: pale kosa lilipokuwa la mwili, yaani kipigo au ukatili wa kingono, funguo na simu husubiri. Kwanza ni hospitali, fomu ya polisi ya PF3 inayojazwa na daktari, na Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Baadhi ya hospitali za serikali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono ambapo huduma ya daktari, ya polisi na ya ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Mtoto akihusika, namba 116 hupigwa bure.

Sasa nije kwenye moyo na usingizi, nitakuwa mfupi.

Mtu kushtuka mlango ukigongwa, kuota ndoto mbaya, kukagua komeo mara tatu, hayo katika wiki za mwanzo ni kazi ya kawaida ya mwili uliotishwa. Yakiendelea zaidi ya mwezi mmoja na kumzuia mtu kufanya kazi au kulala, aende hospitali, na hana sababu ya kuona aibu. Asinunue dawa za usingizi duka la dawa kwa ushauri wa jirani, na pombe isigeuzwe dawa.

Kuna jambo tunalolifanya kwa nia njema ambalo ningependa tuliache. Tunamkalisha aliyeumizwa katikati ya watu, tunamwambia aeleze yote, aanze mwanzo, asifiche. Shirika la Afya Duniani halishauri watu waliotoka kupata mshtuko walazimishwe kusimulia kwa undani namna hiyo. Katika mwongozo wake wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia, linamtaka msaidizi aangalie hali, asikilize kile ambacho mtu mwenyewe anataka kukisema, na amuunganishe na anayeweza kumsaidia. Kumpikia uji, kumsindikiza kituoni, kulala naye usiku wa kwanza, hiyo ni huduma kamili hata kama hakusema neno.

Na mkimsikia analia kwa kumkumbuka aliyemwibia, msimcheke. Yule muuguzi aliniambia kwamba mwenzake ndiye aliyemuuguza alipopata malaria kali, na kwamba hakujua aiweke wapi kumbukumbu ile. Sikuwa na jibu. Nadhani wote wawili walikuwa watu wa kweli: yule aliyeuguza na yule aliyefungulia wezi mlango.

Jambo la pili ni habari. Hofu hukua pale ambapo mtu hajui.

Baba mmoja mwenye watoto watatu aliishi uani pamoja na kijana aliyemkata panga mlinzi wa duka la jirani. Kijana alikamatwa, na nyumba nzima ikapumua. Asubuhi moja yule baba akiwa kituo cha daladala alimwona kijana amesimama upande wa pili wa barabara akinunua chapati. Siku hiyohiyo akawapeleka watoto kwa bibi yao Kilwa, akavunja masomo yao, akaanza kutembea na kisu. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba kijana alipewa dhamana, na hakuna aliyemwambia.

Tuelewane hapa. Dhamana si kuachiwa huru, wala si dalili kwamba polisi wamekula kitu kidogo, kama tunavyopenda kusema vijiweni. Makosa mengi yana dhamana kwa mujibu wa sheria. Yasiyokuwa nayo yametajwa, kama vile mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Mahakama inaweza kuweka masharti, na mshtakiwa anayewatisha mashahidi anahatarisha dhamana yake. Kwa hiyo aliyeumizwa na wanaoishi naye wanapaswa kujua: namba ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikishwa kituoni polisi, ni ipi, mpelelezi wa jalada ni nani, shauri liko mahakama ipi, linatajwa lini, na mshtakiwa yuko mahabusu au yuko nje. Hayo yaandikwe kwenye daftari, na mpangaji mmoja apewe kazi ya kufuatilia ili asiende kila mtu na kurudi na habari yake. Mkitishwa, namba ni 112, na ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Afande wetu wa kata yuko hapa na ataieleza vizuri kuliko mimi.

Tena, polisi wakija kupekua na kuchukua vitu, sheria inataka orodha ya vitu hivyo iandikwe na kusainiwa na mashahidi. Mara nyingi kompyuta ya asiyehusika huchukuliwa pamoja na ya mhusika kwa sababu zilikuwa meza moja. Bila karatasi hiyo utaidaije? Na vitu vya mshtakiwa vilivyobaki chumbani visigawanywe kama fidia. Mjumbe aitwe, viorodheshwe, vifungiwe. Mpangaji anayejichukulia redio leo anaweza kesho kuulizwa redio ya nani.

Nije sasa kwenye maneno, maana hapo ndipo nyumba nyingi nilizozihudumia zilivunjika, na si kwa mikono ya mhalifu.

Baada ya uhalifu wa mtu wa ndani, kila aliyebaki humwangalia mwenzake. Aliyekuwa rafiki yake alijua? Aliyekopeshwa naye alishiriki? Mbona huyu hakuibiwa? Ukifika usiku wa tatu anatokea mtu anayejua mganga. Katika nyumba moja ya vyumba sita, mke wa mwenye nyumba alimleta mganga apige ramli baada ya wizi, na ramli ikamwangukia mama mjane wa chumba cha uani, aliyekuwa mchuuzi wa mihogo, mgeni wa kabila lisilokuwa na ndugu pale. Alitupiwa vyombo nje. Baadaye simu zilizoibwa zilikamatwa kwa mpwa wa mwenye nyumba. Serikali imepiga marufuku ramli chonganishi mara nyingi, na bado tunazilipia. Ninyi mliokuwa na shaka na nguvu za mganga, jiulizeni pia: mbona ramli humwangukia daima asiyekuwa na wa kumtetea?

Msidhani ni sisi tu. Nitawapeleka London, kwa sababu shauri hili linajulikana sana. Katika nyumba namba 10 ya Rillington Place, kijana Timothy Evans alipanga ghorofa ya juu mwaka 1948 pamoja na mkewe Beryl. Ghorofa ya chini aliishi John Christie, mtu mzima, taratibu, aliyewahi kuvaa sare ya polisi wa akiba wakati wa vita. Kijana na mkewe walikuwa wakigombana mpaka majirani wanasikia. Mwishoni mwa 1949 Beryl na mtoto wao mdogo Geraldine waliuawa. Aliyeshukiwa alikuwa nani? Yule mwenye kelele. Ni kweli kwamba maelezo yake polisi yalipingana, na hilo lilimponza. Na shahidi mkuu wa upande wa mashtaka alikuwa nani? Bwana Christie wa ghorofa ya chini. Evans alinyongwa tarehe 9 Machi 1950.

Sikilizeni kilichofuata. Kwa miaka mitatu watu waliendelea kupanga katika nyumba ile wakiamini kwamba mwuaji amekwisha kunyongwa, na kumbe wanasalimiana naye kila siku kwenye ngazi. Mke wa Christie mwenyewe aliuawa humo Desemba 1952. Machi 1953, Christie akiwa amehama, mpangaji mwingine alikuta miili ya wanawake nyuma ya ukuta wa jiko. Christie alikiri mauaji kadhaa, ya Beryl yakiwamo, akanyongwa Julai mwaka huohuo. Evans alisamehewa mwaka 1966, alipokuwa kaburini miaka kumi na sita.

Nani aliyelindwa na uhakika ule wa haraka? Si Evans, si wapangaji, si mke wa Christie. Ninapowasihi msimchome mtu moto, msimtoe mtu vyombo kwa ramli, msimhukumu kijana kwa sababu anapiga muziki usiku, wengine huniona ninawatetea wahalifu. Ninawatetea ninyi. Mkimkosea mtu, mliyekuwa mkimtafuta bado ana ufunguo wenu.

Badala ya minong'ono, nyumba ifanye kikao. Waketi wote, mwenye nyumba akiwapo, wakubaliane mambo machache: mlango wa mbele hufungwa saa ngapi, mgeni anayelala anatambulishwaje, akipotelewa mtu na kitu anamweleza nani kwanza. Chumba kilichobaki wazi kisipangishwe bila barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakotoka mpangaji mpya, na waliobaki waonyeshwe mtu huyo kabla hajalipa. Na ikiwa aliyekamatwa ameacha mke na watoto chumbani, kikao kiseme wazi kwamba wao hawakushtakiwa. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu heshima na hifadhi ya maskani yake, na mke wa mshtakiwa ni kila mtu.

Limebaki moja, nalo linawahusu wenye nyumba. Wako ambao hata baada ya kitasa kipya, kikao na hospitali, hawawezi kuishi tena pale. Kuhama si kushindwa. Lakini mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita, akaibiwa kila kitu mwezi wa pili, atahama kwa fedha gani? Muuguzi alibaki kwa sababu alikuwa na mshahara, na hata hivyo ilimbidi abembeleze. Mama mjane alilala kwa watu huku kodi yake ya miezi minne ikiwa mfukoni mwa aliyemtupia vyombo.

Naomba wenye nyumba wa mtaa huu mkubaliane kwamba mpangaji aliyetendewa uhalifu na mtu wa nyumba hiyohiyo, akiwa na RB na akataka kuhama, arudishiwe kodi ya miezi ambayo hakukaa. Najua wengine mmekwisha kuijengea ile fedha. Basi irudishwe kwa awamu, kwa maandishi, mbele ya mtendaji. Mwenyekiti amenikubalia kwamba ombi hili litajibiwa leo, kabla ya kikao kufungwa, kwa mikono kunyooshwa na majina kuandikwa. Naketi, nawasikiliza.